Nilivyojifunza kupokea mabamba ya minara ya upepo

Nilifanya mafunzo kwa vitendo karibu na Izmir, Uturuki, kwenye kiwanda cha minara ya umeme wa upepo. Hamu yangu ilikuwa kuchomelea. Nikapelekwa uwanjani kupokea mabamba ya chuma, na huko ndiko nilikopata elimu.

Kwanza uzito. Bamba la mita 12.5 kwa 2.8, unene milimita 25: zidisha eneo kwa unene uliogeuzwa kuwa mita, kisha kwa 7.85, yaani tani za mita moja ya ujazo ya chuma, unapata karibu tani saba. Kreni haitaki kukisia. Tena uzito ukipishana mno na hati ya mzigo, ujue bamba la unene mwingine limechanganyika humo.

Kazi hasa ilikuwa kusoma vyeti. Mabamba mengi yalikuwa ya chuma cha daraja la S355, na mafundi wengi huamini kila bamba la jina hilo lazima lihimili nyutoni 355 kwa milimita ya mraba kabla halijaanza kurefuka bila kurudi. Sivyo. Kiwango cha Ulaya, EN 10025, kinadai 355 kwa unene usiozidi milimita 16. Ukivuka hapo hadi 40 ni 345, na hadi 63 ni 335. Kwa hiyo bamba la milimita 28 lenye 349 linapita, la milimita 14 lenye 349 hiyo hiyo linarudi lilikotoka. Nililibandika jedwali hilo kwenye ubao wangu wa karatasi, na baada ya muda hata msimamizi akawa anakuja kulichungulia.

Halafu baridi. Herufi J2 maana yake chuma kimepigwa nyundo ya majaribio kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kikastahimili. NL ni nyuzi 50 chini ya sifuri. Mimi mtu wa Tanga, baridi hiyo niliisoma kwenye karatasi tu, ila mnara unaokwenda nchi za theluji utaionja.

Mwisho, namba ya myeyusho, yaani inayoonyesha chuma kiliyeyushwa katika mkupuo upi, iliyogongwa kwenye kona ya bamba. Nililinganisha na cheti, kisha nikasimamia ihamishiwe kwenye kila kipande kabla ya kukata, maana ile kona ikishaondoka, kipande hakina tena ukoo. Mabamba ya fremu ya mlango niliyatenga kando hadi yapimwe kwa mawimbi ya sauti: pale chuma huvutwa kuelekea unene wake, na ufa uliojificha katikati unaweza kufunguka.