Simu mpya na hadithi ya "ngoja apdeti"

Mwezi uliopita nilinunua simu Moi Avenue, Nairobi, ile imetoka juzi tu, na pesa yake nilikuwa naiweka kidogo kidogo tangu mwaka jana. Kampuni siitaji jina. Siku ya kwanza ikapata moto, sikushtuka, kwa sababu simu yoyote mpya ukishaingiza akaunti yako inashusha programu zote na kupanga picha kimyakimya, inaweza kuendelea hivyo siku moja ama mbili, hiyo ni kawaida. Lakini siku ya tano bado ilikuwa inachoma mfukoni, nimekaa tu kwa matatu ya Rongai sijaigusa, na chaji imeshuka kutoka 90 hadi 50 kabla hata hatujafika Galleria.

Shida ya pili aliigundua mama. Kila akinipigia, "mwanangu, mbona unaongea kama uko ndani ya pipa?" Nikiweka spika ananisikia vizuri kabisa, nikirudisha sikioni napotea tena.

Nikarudi dukani. Kijana wa pale hata hakuishika, "boss, hizo zote ni za apdeti, ngoja tu." Nikashuka Luthuli kwa fundi mmoja, yeye naye tayari ana bisibisi mkononi, "hii tuifungue, ni betri na maiki." Simu ya wiki moja jamani! Ukiifungua waranti imeenda, na ile gundi ya kuzuia maji hairudi vile ilikuwa. Nikaichukua nikaenda nyumbani nimekasirika, kwa sababu hawa watu wawili kila mmoja alikuwa na jibu moja la kila kitu.

Na shida za simu si zote zinafanana. Septemba 2023 iPhone 15 Pro zilipotoka zilikuwa zinapata moto sana, watu wakalaumu ile fremu ya titani, lakini Apple wakasema shida ni hitilafu kwa iOS 17, ule mfumo unaoendesha iPhone, pamoja na programu kama Instagram na Uber, na mwanzo wa Oktoba wakatoa 17.0.3 ya kurekebisha. Hakuna bisibisi ingesaidia hapo. Sasa chukua Galaxy Note 7 ya Samsung ya Agosti 2016, hizo zilishika moto kabisa, Samsung wakaita karibu milioni 2.5 zirudi, huko Korea Kusini wakatoa hadi apdeti ya kuzuia chaji isipite asilimia 60, na bado zile walizobadilishia watu nazo zikawaka, Oktoba wakaacha kuitengeneza. Januari 2017 wakaeleza kosa lilikuwa ndani ya betri zenyewe, za mtengenezaji mmoja zilikuwa zimebanwa kwa kona, za mwingine zilichomelewa vibaya. Betri mbovu haiponi kwa apdeti.

Kwa hivyo nikajaribu mwenyewe. Kwa Android nyingi unabonyeza batani ya pawa mpaka itokee ile ya kuzima, unaishikilia hiyo mpaka ikuulize kama unataka sefu modi, hapo simu inawaka bila zile programu ulizoongeza wewe. Nikaiacha hivyo jioni nzima, ikapoa! Chaji ikakaa. Maana yake kuna programu ilikuwa inagongana na mfumo mpya. Lakini nikipiga simu nikiwa humo humo kwa sefu modi, mama bado ananisikia kwa pipa. Nikafungua kinasa sauti nikaongea karibu na maiki ya chini, kukatoka mikwaruzo tu, nikaongea karibu na ile ya juu, sauti safi. Nikarudia mara tatu. Maiki ya chini ndo imekufa, na ndo maana spika ilikuwa inafanya, nadhani spika inatumia ile ya juu.

Apdeti ilikuja wiki ya tatu, ya moto ikaisha kabisa, sasa nafika Rongai na chaji ya kutosha. Maiki iko vile vile. Nimechukua video ya hilo jaribio, simu ikiwa sefu modi na namba ya toleo jipya ikionekana, risiti iko kwa boksi, na siku za kubadilishiwa bado hazijaisha. Jumatatu asubuhi niko Moi Avenue, na safari hii naomba wanishikie hiyo simu waisikie wenyewe kabla hawajaniambia ningoje.