Garneti na unyevu wa Tanga

Kwenye kukata marumaru kwa maji, maji ni punda tu. Kinachokata ni garneti, punje ngumu za madini kama mchanga. Pampu inasukuma maji kwa presha ya baa 4,000 hivi kupitia kitundu cha yakuti cha milimita 0.35, yanavuta garneti, kisha yote yanatokea nozeli ya milimita 1.

Hapa Tanga adui ni unyevu wa bahari. Garneti namba 80 (namba ni ukubwa wa punje) ikilala kwenye hopa, chombo chake cha kuhifadhia, usiku kucha hushikamana, na mpira wa kuipeleka kwenye nozeli unaziba. Asubuhi, kabla ya kuwasha pampu, ikinge kwenye kopo dakika 1, uipime. Umeiweka mashine itoe gramu 400 kwa dakika ukapata 300? Zibua kwanza.

Kutoboa tundu la kuanzia mkato ndiko kunakovunja mali. Kioo na marumaru toboa kwa presha ndogo, baa 1,000 hivi, garneti ikitangulia; maji matupu yakitangulia, jiwe linapasuka. Kioo cha tempa (kilichoimarishwa kwa joto) usikiguse kabisa, kinasambaratika chote.

Nozeli ikae milimita 2 juu ya jiwe. Mkato ukiwa mpana juu, mwembamba chini, punguza mwendo. Na maji ya kisima yenye chokaa yachujwe na kulainishwa: ukoko ukishika yakuti, mkondo unachanua kama ufagio.