Langenburg: mji wa ziwani uliohamia mlimani

Kutoka Mbeya nilishuka Tukuyu makusudi. Nilitaka kuanza na boma la Wajerumani, ndipo niteremke ziwani kutafuta mji uliolitangulia. Wakati wao Tukuyu iliitwa Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Ile kongwe ilikuwa Lumbila, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, siku hizi wilaya ya Ludewa.

Safari ya Ipinda hadi Matema ni vumbi na ndizi za dirishani, wengi mnaijua. Matema nilipata boti iliyoleta vyungu vya Wakisi na sasa ikirudi na magunia ya mchele. Nahodha alitaka tuwahi kabla mwera haujavuma. Tuliambaa chini ya milima ya Livingstone, nami nikaelewa mengi bila kusimuliwa: mlima unatumbukia majini karibu wima. Pa kujengea mji ni kipande tu.

Lumbila nilimkuta mzee ufukweni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nawe unatafuta Wajerumani?" Akacheka. Kumbe hatuko wachache.

Mjerumani Hermann von Wissmann alianzisha kituo hapa Lumbila mwaka 1893. Meli yake, iliyopewa jina lake mwenyewe, ilikuja vipandevipande kwa mito ya Zambezi na Shire. Penye maporomoko ikabebwa na wapagazi. Wao hakuna meli iliyopewa majina yao. Kila kitu cha serikali kilipitia majini: barua, bunduki, vitambaa. Lakini homa iliwaandama wazungu, na watu waliotakiwa kutawaliwa walikuwa wengi huko juu, Unyakyusa. Karne ilipogeuka wakahamisha makao, na jina wakaondoka nalo.

Meli ilibaki ziwani. Agosti 1914 ilikuwa Liuli, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, Waingereza wa meli ya Guendolen walipoishambulia. Nahodha Mjerumani hakuwa hata na habari kwamba vita vimeanza, na mkuu wa washambuliaji, Rhoades, alikuwa mnywaji mwenzake wa siku nyingi. Mjerumani akapiga makasia kumfuata Rhoades, amefura, kumuuliza kama amelewa.

Lumbila niliona mitumbwi, usipa umeanikwa, watoto wanaoga. Mji hapana. Kwangu hilo si la kusikitikia: kilichokufa ni ofisi, kijiji hakikuondoka. Nikamuuliza mzee kwa nini wazee wake hawakufuata serikali mlimani.

"Kule kwenye baridi? Na mbasa atavuliwa na nani?"