Chicago hadi Los Angeles kwa gari, watoto wakiwa nyuma

Kutoka Chicago hadi Los Angeles kwa kupitia Denver, Moab na Grand Canyon ni kama maili 2,200, kilomita 3,500 na ushee. Simu itakuonyesha saa 33 hivi za usukani. Simu haijui kwamba mtoto wa miaka minne hubanwa na haja dakika kumi baada ya kukipita kituo cha mapumziko. Kwa kila saa nne za ramani ongeza moja, na usivuke saa nane za ramani kwa siku. Siku tisa zitawabana; kumi na mbili zinatosha.

Wengi hukosea kwa kugawa siku sawasawa. Majimbo ya Iowa na Nebraska ni mashamba pande zote na barabara ya I-80 iliyonyooka kama rula. Zimalizeni kwa siku mbili, mlale Lincoln, kisha Denver. Siku mlizookoa zipelekeni Utah, kuliko na Moab, na Arizona, kuliko na Grand Canyon. Pa kupumzika huku ni Walcott, njia ya kutokea namba 284, kwenye kituo cha malori kiitwacho Iowa 80, kinachojitangaza kuwa kikubwa kuliko vyote duniani. Namba hiyo ina maana yake: katika majimbo mengi namba za kutokea hufuata maili, na huhesabiwa kutoka mpaka wa magharibi au wa kusini. Ukielekea magharibi, 284 ni maili zilizobaki kabla Iowa haijaisha. Wafundisheni watoto kuzisoma, na swali la "tumefika?" watajijibu wenyewe. Ukishapita North Platte, Nebraska, rudisha saa nyuma kwa saa moja.

Kabla ya kuondoka shughulikia matairi. Kiwango cha upepo kiko kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni ya juu kabisa, si ya kutembelea. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Likipata moto upepo hupanda, na anayeupunguza saa hiyo huamka kesho na tairi legevu, ambalo kwenye lami ya jangwa hujipinda, huchemka na kupasuka. Joto la hewa likishuka kwa nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, upepo wa tairi hupungua kama psi 1 (kipimo cha upepo), kwa hiyo pima tena mkifika milimani. Fungua buti uone kama kuna spea: magari mengi mapya, hata ya kukodi, yana dawa ya kuziba na pampu tu. Spea nyembamba nayo kwa kawaida haivuki kilomita 80 kwa saa. Sanduku la juu ya gari liache kama mizigo inaenea ndani. Kwenye barabara kuu laweza kuongeza ulaji wa mafuta kwa kiasi cha kuumiza.

Kama gari ni la kukodi, uliza mapema ada ya kulirudisha mji mwingine. Uliza pia ushuru wa barabara unalipwaje, maana barabara kama E-470 ya Denver hupiga picha namba ya gari na haipokei fedha taslimu. Viti vya watoto vina sheria tofauti kila jimbo. Angalia ya kila jimbo mtakalopita; ya California ni hii: chini ya miaka miwili anatazama nyuma, isipokuwa ana kilo 18 au sentimita 102, chini ya miaka minane anakaa siti ya nyuma kwenye kiti chake, isipokuwa amefika sentimita 145.

Kuanzia Colorado mambo hubadilika. Pampuni utakuta petroli ya daraja la oktani 85 ikiuzwa kama ya kawaida; kama kitabu cha gari kinasema 87, weka 87. Pampu ikikudai namba ya posta na kadi yako ni ya nje, ingia ndani ulipe kwanza.

Handaki la Eisenhower kwenye I-70 liko kama mita 3,400 kutoka usawa wa bahari. Kupanda ni kazi ya injini. Hatari iko upande wa pili, mteremko wa kwenda Silverthorne. Teremka kwa gia ndogo, breki ukizikanyaga kwa vipindi. Anayezikandamiza mfululizo huzichemsha, zikaanza kunuka, kisha pedali inakwenda chini na gari halisimami.

Kwa Moab, toka I-70 pale Crescent Junction. Anayenyoosha kuelekea Las Vegas ajaze tangi Green River: hadi Salina ni zaidi ya maili 100 bila kituo cha mafuta hata kimoja.

Viingilio: hifadhi za Arches na Canyonlands, karibu na Moab, dola 30 kila moja kwa gari, Grand Canyon 35. Kadi ya mwaka ya hifadhi ni dola 80 kwa mkazi wa Marekani. Tangu Januari 2026 mgeni huinunua 250, na asiye nayo huongezewa dola 100 kwa kila mwenye miaka 16 na zaidi pale Grand Canyon. Wageni wawili watu wazima, nunueni kadi. Lakini Monument Valley, iliyo kati ya Moab na Grand Canyon, ni mali ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, na kadi hiyo haifanyi kazi huko.

Hapo pia saa huchanganya. Wakati wa kiangazi Arizona haisogezi saa, ila ardhi ya Wanavajo husogeza, na simu inaweza kurukaruka. Andika saa ya miadi kwenye karatasi. Pakua ramani mapema, na beba lita nne za maji kwa kila mtu kwa siku. Julai hadi Septemba, dhoruba ya vumbi ikiwafunika, toka nje ya lami kabisa, zima taa zote na uondoe mguu kwenye breki. Wa nyuma akiona taa nyekundu hudhani unatembea, akakufuata.

Siku ya mwisho ondokeni alfajiri, maana Needles, mji wa mpakani mwa California, mchana wa Julai hupita nyuzi 43. California hukagua matunda mpakani na huweza kuyachukua. Jazeni tangi Kingman, Arizona, kabla mafuta hayajapanda bei, na machungwa yaliyobaki yaliwe hapo hapo.