Siku yangu moja: Alhamisi Kuu kwenye bekari ya Athens

Saa 9 usiku. Mtaa wetu wa Kypseli umelala, sisi tunatwanga viungo. Leo ni siku ya tsoureki, mkate mtamu wa Pasaka ya Waorthodoksi. Iliki naijua tangu maandazi ya mama, ila hapa inakwenda na mastiha, utomvu mkavu wa miti ya kisiwa cha Chios (ukiuona utadhani ubani), na mahlepi, kiini cha kokwa ya cheri pori, chenye uchungu kwa mbali.

Saa 11 alfajiri. Kusuka. Misokoto mitatu, na mwenye duka, bibi ninayemwita Kyria, anasema ni Utatu Mtakatifu. Mwenzangu wa oveni anasema ni mitatu kwa sababu minne inachelewesha.

Saa 12 asubuhi. Kazi yangu hasa. Tsoureki imejaa siagi na mayai, na Kyria yumo kwenye Kwaresima: hali nyama, maziwa wala yai. Ataonjaje? "Onja, mwanangu. Sukari imetosha?" Mie Mwislamu wa Tanga ndiye ulimi wa bekari. Mwaka 2023 siku hii iliangukia ndani ya Ramadhani. Sote tumefunga! Tukamngoja mjukuu wake aamke.

Saa 4. Mayai, nayo hupakwa rangi leo leo. Rangi nyekundu, siki kidogo ili ishike; yakipoa nayasugua kwa kitambaa chenye mafuta hadi yang'ae. Wekundu ni damu ya Kristo, ganda ni kaburi lililofungwa. Usiku wa Jumamosi watayagonganisha wakisema "Christos Anesti", Kristo amefufuka, na ambaye lake halikupasuka ana bahati mwaka mzima. Yai la kwanza kutoka kwenye rangi haliliwi. Kyria amelipeleka kwenye picha za watakatifu, akaniwekea la mwaka jana kiganjani. Jepesi kama bua. Nikalitikisa: kiini kimekauka, kinagongagonga ndani kama kokoto. Wala halinuki.

Saa 8 mchana. Foleni hadi barabarani. Miguu, basi tu.

Saa 1 jioni. Kyria anawahi kanisani, leo husomwa masomo 12 ya Injili. Ameniachia tsoureki iliyoungua upande mmoja: "Ule na sehemu yangu." Nusu nimeimaliza ndani ya basi.