Jana usiku hisabati zimeniumbua

Binti yangu yuko darasa la saba. Kaja na daftari sebuleni: ngazi ya mita 5 imeegemea ukuta, mguu wake uko mita 3 kutoka ukutani. Inafika juu kiasi gani?

Nikajikoholesha kama mwalimu mkuu. Pythagoras huyo, mwanangu, ile kanuni ya pembetatu yenye pembe mraba! 5 mara 5 ni 25, 3 mara 3 ni 9, jumlisha, 34. Tafuta kipeuo cha pili. Tukapata 5.83 na ushee. Nikapigia mstari.

Akanitazama. "Baba, ngazi ya mita 5 inafikaje mita 5.83?"

Kimya. Mama yake huko jikoni anacheka peke yake.

Kumbe ngazi ndiyo kiegama, upande mrefu kuliko yote, kwa hiyo unatoa, hujumlishi. 25 toa 9 ni 16, kipeuo chake 4. Mita 4, basi. Kanisahihishia kwa kalamu nyekundu, sijui aliitoa wapi.

Kilichoniuma ni kwamba namba hizo nilishaziona. Fundi aliyetuchimbia msingi alipima kona kwa kamba: mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, akavuta futi kukatiza hadi ikasoma 5 kamili. "Kona imekaa," akasema. Nikadhani ni uzoefu tu.

Swali lililofuata lilikuwa la kutafuta x. Nikasema nimechoka, nawahi kazini kesho.