Mzee alivyoulizwa kuhusu ile simu

Mwaka 2016 nilikuwa Pune, India, nasoma sheria, na fildi nilifanya kwa wakili mmoja mwanamke ambaye ofisi nzima tulikuwa tunamwita Madam. Kesi zake nyingi zilikuwa za ndoa na jinai pale mahakama ya wilaya ya Shivajinagar. Kuna kesi moja ya pale mpaka leo nikikaa na mteja naikumbuka, ya mzee mmoja aliyefiwa na binti yake. Majina sitaji, wala mtaa.

Yule binti alijiua akiwa na kama miaka mitano kwenye ndoa. Mume akashtakiwa kwa vifungu viwili vya ile sheria ya adhabu ya 1860, 306 ambacho ni kuchochea mtu kujiua, kifungo hadi miaka kumi, na 498A ambacho ni ukatili wa mume au ndugu zake kwa mke, hadi miaka mitatu. Mwendesha mashtaka alikuwa wa serikali, ila kule familia inaruhusiwa kuweka wakili wake amsaidie, hasimami kuongoza kesi ila anakaa naye, anamnong'oneza, na mwishoni anaweza kuandika hoja. Ndo kazi aliyopewa Madam, na mi nilikuwa nambebea mafaili.

Mzee alikuwa ametokea kaskazini zamani, kafanya kazi Pune miaka na miaka, anaongea Kihindi ambacho na mimi nilishaanza kukielewa vizuri. Asubuhi ya siku yake ya ushahidi alikuja na mfuko wa nailoni, ndani kuna kadi ya harusi ya binti, risiti ya friji, risiti ya pikipiki, risiti ya kitanda na kabati, zote kazipigia laminesheni. Kule mahari inatoka kwa upande wa mwanamke, na kisheria imepigwa marufuku tangu 1961 ila watu wanatoa, wanaita zawadi. Akanishikisha zile risiti moja moja akiniambia mwanangu angalia, hii nililipa kwa awamu, hii nilikopa. Nilizisoma zote. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba zinaonyesha alichotoa siku ya harusi, lakini hazionyeshi alichodaiwa baada ya harusi, na hicho cha baada ndo kilikuwa kinatafutwa.

Ngoja nieleze kidogo hapa maana watu wengi wanadhani ukishajua nani alimtesa marehemu basi kesi imekwisha. Sivyo kabisa. Kifungu cha 107 cha sheria hiyohiyo ya adhabu kilisema kuchochea ni mambo matatu, kumsukuma mtu afanye, kula njama na kitendo kifanyike kutokana na ile njama, au kumsaidia kwa makusudi. Mahakama Kuu Kabisa ya India imekuwa ikirudia tena na tena kwamba lazima kuwe na kitendo, kiwe karibu na kifo, na nia iwepo ya kumpeleka yule mtu kwenye kujiua. Hata marehemu akiacha barua yenye jina lako bado watauliza, sawa, ila huyu alifanya nini hasa, lini, na alikuwa anataka nini?

Kwa wanawake walioolewa kuna msaada, mwaka 1983 bunge lao liliingiza 113A kwenye sheria ya ushahidi, kwamba mke akijiua ndani ya miaka saba ya ndoa na ukatili wa mume au ndugu zake ukathibitishwa, mahakama inaweza kuchukulia kwamba walimchochea. Inaweza, si lazima. Na ukatili wenyewe unatakiwa uthibitishwe kwanza, haudondoki tu kwa sababu kuna msiba.

Sasa kesi yetu ilikuwa imesimama juu ya simu moja. Mzee anasema usiku wa kuamkia ile siku binti alimpigia, analia, anasema mume kamwambia hela ya baba yako isipokuja kesho nisikuone tena humu, kama ni kufa kafe. Na mzee anasema alimsikia mkwewe kwa sauti yake nyuma ya simu. Bila ile simu, tukio la mwisho lenye ushahidi lilikuwa kikao cha wazee wa pande mbili miezi kadhaa nyuma, mume akaomba msamaha, wakarudiana. Ukiondoa simu unabaki na pengo la miezi, na pengo kama hilo linaua kosa la 306.

Mzee akapanda kizimbani. Kwa mwendesha mashtaka alieleza vizuri, taratibu, kwa heshima, na alipofika kwenye simu akasema yale maneno huku anaangalia mikono yake. Jaji alikuwa akisikia jibu anamtamkia karani kwa sentensi fupi fupi na karani anapiga kompyuta, kwa hiyo kila alilosema mzee ulikuwa unalisikia mara mbili, la kwanza la baba na la pili la jalada, limeshakauka.

Kisha akainuka wakili wa utetezi. Mtu mpole, hakupiga kelele hata kidogo, na kwa kweli alifanya kazi yake kwa adabu. Akamuuliza mzee ulihojiwa na polisi lini, mzee akajibu. Ulieleza yote uliyoyajua? Ndiyo. Hii simu uliyotueleza leo, uliwaambia polisi? Niliwaambia. Akamsomea maelezo yake mwanzo mpaka mwisho, simu haimo. Akamuuliza, unaweza kueleza kwa nini haimo? Mzee akasema mimi niliwaambia, kwa nini hawakuandika siwezi kujua. Hiyo sentensi nikaja kuisikia mara nyingi sana kwenye mahakama za kule, mashahidi karibu wote wanaisema kwa mpangilio uleule, na jaji akaitamka kwa karani kama anayeijua kwa moyo.

Kinachouma ni kwamba mzee hakuwa na namna ya kujua. Yale maelezo ya polisi, ya kifungu cha 161 cha sheria yao ya mwenendo wa jinai ya wakati ule, shahidi hayasaini, sheria yenyewe inakataza yasisainiwe, askari anakuuliza, anaandika kwa maneno yake, wewe unaenda zako nyumbani na msiba wako. Nilishasoma lile jalada usiku uliotangulia. Maelezo ya mzee, ya mkewe, ya kaka wa marehemu na ya mjomba yalikuwa na aya moja inayofanana neno kwa neno, mpaka neno lililokosewa herufi lilikosewa vilevile kwa wote wanne. Mtu alikopi akapesti. Kwenye aya ile kuna 'alikuwa akimsumbua kimwili na kiakili', hakuna tarehe, hakuna kiasi, hakuna maneno yaliyotamkwa. Na afisa mpelelezi alipokuja kuulizwa baadaye, je huyu shahidi alikuambia habari ya simu, akasema hakuniambia. Hapo ndo basi, kimahakama ni kitu kipya kilichoongezwa baadaye.

Mi namuamini mzee. Nilimuamini siku ile na namuamini leo.

Kulikuwa na karatasi ya orodha ya simu, polisi waliitoa kwa kampuni ya simu, lakini haikuwa na kile cheti cha kifungu cha 65B cha sheria ya ushahidi kilichokuwa kinatakiwa kwa ushahidi wa kielektroniki, na tangu uamuzi wa 2014 wa Anvar dhidi ya Basheer mahakama zilikuwa kali kwenye hilo. Hata ingepokelewa ingeonyesha tu kwamba namba hii ilipiga namba ile saa fulani. Ila kwa mzee ingekuwa kitu, angalau ingeonekana simu ilikuwepo.

Kwenye hoja za mwisho utetezi walisoma kesi mbili. Ya Ramesh Kumar dhidi ya Chhattisgarh ya 2001, mume alimwambia mke yuko huru kwenda anakotaka, mahakama ikasema maneno ya hasira yasiyokusudia matokeo sio uchochezi, ikamfutia 306 ikambakizia 498A. Na ya Sanjay Sengar ya 2002, maneno yalikuwa nenda kafe, yakatamkwa kwenye ugomvi, kifo kikaja siku mbili baadaye, shauri likafutwa. Madam aliandika hoja nzuri kwamba hapa ni tofauti, kulikuwa na madai ya hela yanayojirudia, kuna 113A, ndoa haijafika miaka saba. Nilizisaidia kuzichapa na niliona zina nguvu. Lakini kila aya ilikuwa inarudi kwenye simu na simu haimo kwenye maelezo.

Hukumu ilitoka kama ya Ramesh Kumar, 306 ameachiwa, 498A ametiwa hatiani. Sisemi jaji alikosea. Kwa lile jalada alilopewa sidhani ningeandika tofauti, kumfunga mtu miaka kumi kwa simu ambayo haijaandikwa popote ni hatari, kesho atafungwa asiye na kosa. Januari 2025 ile Mahakama Kuu Kabisa iliwaonya polisi wasitumie 306 kiholela ili tu kutuliza familia zenye uchungu, na nakubali, ila natamani wangeonywa kwa ukali uleule kuhusu uandishi wa maelezo, maana familia haitulizwi na kifungu kikubwa kwenye karatasi, inatulizwa na mpelelezi anayeuliza alikuambia nini, saa ngapi, na nani mwingine alisikia. Toka Julai 1, 2024 kifungu cha 306 kimehamia 108 kwenye sheria mpya ya adhabu, miaka ni ileile kumi, na kazi ya kuthibitisha ni ileile.

Na sisi hatuko mbali na hayo, sheria ya ushahidi ya India ya 1872 ndo ilitumika Tanganyika mpaka tukatunga yetu 1967. Kwetu kusaidia au kushawishi mtu ajiue ni kifungu cha 216 cha Kanuni ya Adhabu. Mteja akija kwangu na jambo lolote la namna hiyo, kabla sijamuuliza kingine nampa karatasi aandike mwenyewe maneno aliyoyasikia, kama yalivyotamkwa, na tarehe, asaini, kopi abaki nayo.

Baada ya hukumu mzee alikuja ofisini na mfuko wake uleule. Madam akamweleza kwamba tangu mwisho wa 2009 mwathirika mwenyewe ana haki ya kukata rufaa mtu akiachiwa au akitiwa hatiani kwa kosa dogo, na baba wa marehemu anahesabika, kwa hiyo tunaweza kwenda Mahakama Kuu ya Bombay bila kuisubiri serikali. Mzee akauliza, huko wataniita niwaelezee tena ile simu? Madam akamwambia ukweli, kwamba rufaa kwa kawaida inasoma jalada lilelile, ila huko watakuwa na majaji wengine wa kulisoma. Mzee akasema basi andikeni. Tukaanza siku ileile, na sababu ya kwanza ya rufaa tuliyoiandika ilihusu uzito wa 113A.